Nilimpa rafiki yangu siri, akaja na wanawake wenye fimbo

Admin, ficha jina langu na picha usiiweke, maana huku kwetu siku hizi hadi mama mkwe ana simu kubwa. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, Mnyaturu, nina watoto watatu, tunaishi upande wa Mgori tunalima alizeti na mtama. Najua wengine mtanitukana, ila someni kwanza mpaka mwisho.

Nina rafiki yangu, nimwite Uda. Yeye ni Mbarbaig, watu wa kufuga, boma lao liko ng'ambo ya korongo. Tulianza kwa kubadilishana, mimi mtama yeye maziwa, tukazoeana. Mwanangu wa pili alipokonda baada ya kuugua, Uda aliniletea ng'ombe anayenyonyesha hapa nyumbani, akasema mtoto anywe hadi apate mwili. Sikumwomba. Mume wangu alicheka akasema hao watu wakikupa ng'ombe wameshakuoa. Nilicheka naye, na maziwa yenyewe naye aliyanywa.

Sasa huyu mume wangu, akiwa mzima ni mtu wa watu, kila anayemfahamu anamsifu. Akitoka mnadani amelewa ni mtu mwingine. Mwezi uliopita alirudi akakuta ugali umepoa. Alichukua mwiko akanipiga nao usoni hadi ukavunjika, akanikamata nywele akanikokota uwanjani watoto wanaona, akawa ananipiga mateke ya mbavu huku anauliza kama naona raha. Jicho la kushoto lilifunga kabisa. Mate yangu yalikuwa damu tupu. Majirani walisikia, nawajua, redio zao zilizimwa ili wasikie vizuri, ila hakuna aliyetoka.

Asubuhi nilijifunga mtandio nikaenda kisimani. Uda alinishika kidevu akageuza uso wangu. Nikamweleza yote nikilia, na ya miaka ya nyuma pia, nikamwambia hii ni siri yako wewe peke yako. Kwetu ndivyo nilivyolelewa. Rafiki ni mtu wa kumwagia moyo, anakufuta machozi, kisha anafunga mdomo. Uda aliniachia kidevu. Alijitwisha ndoo yake akaondoka, na mimi nikajua tumeelewana.

Kesho yake mchana mume wangu alikuwa anashona magunia ya alizeti uwanjani. Wakaja akina mama wa Kibarbaig, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na fimbo, Uda mbele. Hawakupiga kelele. Mume wangu alisimama akawakaribisha, akidhani wamekuja na msiba. Fimbo ya kwanza ilimpiga mdomoni, nikaona meno yanaruka. Walimwangusha, wakampiga miguu, mgongo, alipokinga kichwa mkono ukalia kama kuni kavu. Alikuwa anamwita mama yake. Wanaume wa kwao walisimama mbali barabarani wakiangalia tu, kwa sababu kwa mila yao mwanaume akimuumiza mwanamke hivyo, kesi ni ya wanawake, mwanaume haingilii. Walipomaliza walifungua dume letu jeusi la kulimia wakaondoka nalo kama faini. Walilichinja na kulila wao wenyewe, akina mama peke yao.

Mimi nilipiga mayowe waache, nikamlalia juu, Uda akanivuta kwa kitenge akaniweka pembeni. Lakini ngoja niseme ukweli, ndiyo maana nimeomba jina lifichwe. Mdomo ulikuwa unasema acheni, moyo ulikuwa unasema ongezeni. Nilifurahi. Kisha nikaogopa kwamba nimefurahi.

Ndugu za mume wamefungua kesi ya kujeruhi na wizi wa ng'ombe. Uda alilala mahabusu, sasa yuko nje kwa dhamana. Shahidi wanayemtegemea Alhamisi hii mahakamani ni mimi. Shemeji kanipanga niseme jicho nilianguka na baiskeli, mume wangu hajawahi kunigusa, na hao wanawake walivamia kutaka ng'ombe. Nikisema hivyo Uda anafungwa. Nikisema kweli, narudi kwetu bila watoto, shemeji kaniambia hilo bila kupepesa. Mama mkwe yeye alinibembeleza, "Mwanangu, mimi nimepigwa miaka yote na baba yao, na nani amewahi kujua? Aibu ya nyumba inafukiwa humo humo." Na mume wangu, mkono ukiwa kwenye plasta, aliniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Huu mkono utapona."

Juzi nilikwenda kwa Uda kwa kujificha. Nilikuwa na hasira, nikamuuliza kwa nini alitoa siri yangu, mbona mimi nilimwamini kama rafiki. Alinishangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini alizima moto. Akasema, "Rafiki akiona damu yako akanyamaza, huyo anasaidiana na anayekupiga. Mimi sikujua kwenu rafiki ni wa kunyamaza. Sasa sema wewe, Alhamisi utaninyamazia?"

Niliaga nikaondoka.

Shuleni tuliimba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, mbona hawakutufundisha akikufaa kwa fimbo inakuwaje? Nampenda Uda. Nina hasira naye, maana aliwasha moto kwangu akarudi kwake. Watoto wangu siwezi kuwaacha na mtu yule. Na huyu mwanamke ana mtoto mchanga mgongoni, akifungwa anakwenda naye gerezani.

Msiniambie nisali, nimesali sana. Msiniambie nimwachie Mungu, Alhamisi hakimu ataniuliza mimi. Asubuhi hii watoto wanakunywa uji wenye maziwa ya ng'ombe wa Uda, hajaja kumchukua. Nishaurini ndugu zangu, nikisimama pale mbele ya hakimu nifanye nini?