Mistari Minne ya Mwalimu wa Hesabu

Mkuu wetu wa shule alirudi kutoka kikaoni Bariadi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na kabla hajanawa uso akaagiza niitwe ofisini. Alisema wilayani wamelalamika kwamba wanafunzi hawawezi kujieleza katika mtihani wa somo lolote. Jibu wanalo, lakini wakiulizwa wamelipataje wanaandika kwamba ndivyo lilivyo. Kwa hiyo kuanzia muhula ule kila mwalimu, awe wa kemia au wa kilimo, alitakiwa kuwaandikisha wanafunzi wake darasani, na wa kuwaonyesha walimu namna ya kufanya hivyo nilikuwa mimi.

Nilimuuliza kwa nini mimi. Akajibu, "Kuandika ni Kiswahili, na Kiswahili hapa shuleni ni wewe."

Shule yetu ilikuwa upande wa Nkololo, madarasa manne ya matofali ambayo wazazi waliyachoma wenyewe. Ilikuwa miaka ile mambo yalipolegezwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu sasa yalikuwa na sukari na sabuni za rangi tatu, wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuonekana, na magazeti mapya yalifika na basi yakiwa yamechelewa siku nne, tukayasoma kama ya leo. Mimi nilitoka Muheza. Wanafunzi waliigiza Kiswahili changu wakidhani siwasikii, na mimi kwa upande wangu niliwasalimia wazazi wao "mwangaluka" mpaka saa kumi jioni, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuniambia kwamba hiyo ni salamu ya asubuhi.

Semina yangu ya kwanza niliifanya Ijumaa mchana, baada ya vipindi. Walikuja walimu wote tisa. Swali la kwanza lilihusu chai, na chai haikuwepo, kwa hiyo nilianza nikiwa nimeshapoteza nusu ya watu. Nilizungumza saa nzima na zaidi juu ya umuhimu wa kuandika. Nilijaza ubao. Mwalimu wa kemia alilala akiwa ameketi wima, ustadi ambao sijauona tena kwa mtu mwingine. Mwalimu wa hesabu alifungua gazeti, akalisoma bila kificho mpaka kurasa za michezo, kisha akalikunja na kunyoosha mkono.

Huyu alikuwa mtu wa hapo hapo, mrefu, mkimya, mwenye heshima zake. Wanafunzi walimwogopa, na nadhani na mimi nilimwogopa kidogo.

"Madamu," alisema, "mimi nafundisha hesabu. Jibu ni saba. Sasa niwaambie waandike insha juu ya saba?"

Wote walicheka, hata wa kemia aliamka akacheka bila kujua kisa. Nilitaka ubao ule unifunike. Nilimuuliza kama kuna kitu anachokijua vizuri kiasi kwamba anaweza kumfundisha mtu kwa karatasi tu, bila kufungua mdomo. Alifikiri kidogo, akasema kufunga maksai kwenye plau. Alisema amekulia nyuma ya plau, na kazi hiyo angeweza kuieleza akiwa usingizini. Nilimwomba aiandike, alete Ijumaa inayofuata, nasi tutaifuata kama alivyoiandika.

Ijumaa ile alikuja na karatasi pamoja na maksai wake wawili, nira, mnyororo na plau, vyote kutoka nyumbani kwake. Alivipanga pembeni ya uwanja wa mpira. Wanafunzi walikuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani, lakini hakuna aliyekwenda. Karatasi ilikuwa na mistari minne:

Chukua maksai wawili.
Weka nira shingoni.
Funga mnyororo.
Lima.

Nilikuwa nimepanga mwalimu wa kilimo ndiye afuate maelekezo, ila nilipoiona karatasi niligundua kwamba yeye angeweza kulima hata kwa karatasi tupu. Aliyefaa ni mtu asiyejua chochote. Huko kwetu tuna michungwa na minazi, na ng'ombe nilimjua kwa maziwa yake tu. Nikawaambia nitaifuata mimi. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba mwenye karatasi asiseme neno.

Nilisoma mstari wa kwanza kwa sauti, nikashika kamba za maksai na kuwachukua. Karatasi haikusema niwapeleke wapi, kwa hiyo niliwapeleka kivulini, mbele ya ofisi ya mkuu, hatua chache kutoka ilipolala plau. Walinifuata kwa utii zaidi kuliko kidato cha pili. Mwalimu wa hesabu alitikisa kichwa.

Mstari wa pili ulisema niweke nira shingoni. Haukusema shingo ya nani. Niliinyanyua ile nira, ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, nikaiweka shingoni mwangu. Hapo uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Mkuu alitoka nje kuona kuna nini, akamkuta mwalimu wake wa Kiswahili amejifunga kama maksai, na mwenye karatasi ameziba mdomo kwa kiganja ili asivunje sharti. Alirudi ndani bila kuuliza. Nilifikiri nimefikisha ujumbe, nikaivua nira na kuiweka juu ya maksai, ingawa nilimweka mmoja akitazama ofisini na mwenzake akitazama choo cha wavulana, maana hata hilo halikuandikwa.

Mnyororo niliufunga. Niliufunga kwenye nira kwa upande mmoja na kwenye mkono wa plau kwa upande mwingine, pale palipoonekana rahisi kushikika. Kisha nikasoma mstari wa nne, neno moja, nikawaambia maksai walime.

Walichofanya maksai ni kukata shauri la kurudi kwao. Mmoja alimgeuza mwenzake, nira ikazunguka, na wote wawili wakaondoka kwa mwendo wa watu wenye miadi. Plau iliwafuata kinyumenyume ikiwa imelala ubavu. Ilipita katikati ya goli la upande wa mashariki, ikachora mfereji uliopinda, kisha ikaingia kwenye maboga ya mke wa mkuu. Hapo mwalimu wa hesabu alilisahau sharti. Aliruka, akakimbia akiwaita kwa Kisukuma, na nilikuja kutafsiriwa baadaye kwamba nusu ya maneno yale yalikuwa ya kuwabembeleza wanyama na nusu nyingine yalinihusu mimi.

Aliwafungua, akawaacha wale nyasi. Nilimngojea nikiwa na wasiwasi kwamba amekasirika, maana tulikuwa tumemcheka mbele ya wanafunzi, na mtu wa heshima zake hakuzoea hilo. Alinyoosha mkono akachukua ile karatasi. Aliisoma polepole, mistari yote minne, kama vile imeandikwa na mtu mwingine.

"Hii niliiandika kwa ajili yangu mwenyewe," alisema. "Mimi ninaielewa."

Alikwenda kumwomba radhi mke wa mkuu kuhusu maboga, nami nikamfuata kuomba yangu.

Jumatatu asubuhi alinijia chumba cha walimu na kurasa mbili zilizojaa, na mchoro wa maksai wanaotazama upande mmoja. Hakunipa salamu ndefu. Aliuliza ni wapi nilipotea kwanza, nikamwonyesha, akaongeza mstari. Wiki ile ile aliwaambia kidato cha pili wamwandikie mwenzao ambaye hakuja shuleni jana, wamweleze jinsi ya kutatua mlinganyo. Walimwuliza waandike kwa Kiingereza au Kiswahili. Mwalimu wa historia alimwonya juu ya mkaguzi, kwamba akikuta hesabu zinaandikwa kwa Kiswahili patakuwa hapatoshi. Yeye alisema mkaguzi akija atapewa daftari asome, na akaruhusu Kiswahili.

Baada ya kipindi alikuja tena kwangu akiwa na karatasi moja tu. Ilikuwa ya msichana aliyekaa mstari wa nyuma, ambaye sote tulimjua kwa ukimya. Aliandika kwamba mwalimu husema namba ipelekwe upande wa pili na ikifika huko inabadilika alama, naye amekuwa akifanya hivyo na kupata vyema, lakini haelewi. Kisha akauliza: "Mbona ng'ombe akivuka mto habadiliki rangi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, au alicheka kidogo halafu akaacha.

"Miaka kumi na moja nawapelekea namba upande wa pili," aliniambia. "Hakuna aliyewahi kuniuliza. Sasa huyu ameniuliza, na sina jibu la papo hapo."

Alilitafuta jibu siku mbili. Siku ya tatu aliazima mizani ya vikombe viwili kutoka duka la sukari la pale senta, akaiweka juu ya meza darasani, akaonyesha kwamba namba haivuki popote, ila ukipunguza huku lazima upunguze kule, vinginevyo mizani italala. Nilisimama dirishani nikasikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza mimi mwenyewe kuelewa, ingawa nilikuwa nimefaulu somo lile nilipokuwa mwanafunzi.

Tangu hapo semina za Ijumaa zilijiendesha. Sikuhutubia tena. Kila mwalimu alileta karatasi tatu za wanafunzi wake, tukazisoma na kutafuta mahali walipopotea. Mwalimu wa kilimo aliwaandikisha barua kwa jirani juu ya kupanda pamba kwa mistari. Mwalimu wa kemia alibaki vilevile, akaendelea kuwapa notsi wanakili, na bado namsamehe kwa sababu chai ilipoanza kupatikana ni yeye aliyeileta.

Mwisho wa mwaka mkuu alitaka taarifa ya kupeleka wilayani. Niliiandika kwa madaha, kurasa sita, kisha nikampa mwalimu wa hesabu aipitie. Aliirudisha kesho yake. Alikuwa ametia alama nyekundu ya kuuliza karibu kila aya, na pembeni mwa sentensi yangu niliyoipenda kuliko zote aliandika, "Nani alifanya nini?" Nilinuna mpaka saa ya chakula. Baadaye tukakaa naye kwenye benchi nje ya ofisi, akiuliza na mimi nikijibu, mpaka zikabaki kurasa mbili. Taarifa iliondoka na basi la asubuhi. Majibu hayakuja, nasi hatukuyangoja sana, maana Ijumaa ile kulikuwa na karatasi ishirini na saba za kusoma.