Masale ya Mpakani mwa Yadi ya Reli

Jua likiwaka sana, taruma la zamani, lile gogo linalolazwa chini ya reli, hutoa harufu ya lami, kali, inayokaa kooni. Mwezi uliopita niliisikia chini ya mji wa Kikatiti, kwetu Meru, kwa jirani aliyegeuza mataruma ya reli kuwa nguzo za zizi. Nikashuka hadi palipokuwa na yadi ya treni. Nawasimulia ninyi kwa sababu ndugu zangu sijawaambia.

Shamba letu la kahawa lilipakana na yadi hiyo. Mpaka ulikuwa masale, mimea ya majani marefu ambayo kwetu Wameru haing'olewi: babu akishaipanda, amekwisha sema. Upande wa pili ulisimama mnara wa ishara, na juu yake Bwana Hamisi, mtu wa Kigoma, aliyeinua na kushusha mkono wa chuma ili treni ipite au isimame. Baba hakumpenda. Bwana Hamisi aliwahi kulalamika kwamba masale yetu yanawaziba madereva wasione ishara.

Nikiwa na miaka tisa, nilitaka kupitisha treni zangu mwenyewe. Nikang'oa masale manne na mizizi yake, yawe bendera zangu za kijani. Jioni baba alisimama penye pengo lile, fimbo mkononi.

"Nani?"

"Mtu wa reli," nikasema. Uongo uliteleza kama ndizi iliyoiva.

Baba akaenda chini ya mnara. "Wewe mla samaki wa migebuka! Unang'oa mpaka wa baba yangu? Rudi kwenu Kigoma ukang'oe michikichi!"

"Mzee, sijagusa hata jani lako."

"Huko juu kumekupa kiburi. Shuka!"

Hakushuka. Tangu siku ile mama alikatazwa kumuuzia maziwa, na majirani wakafuata. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga, na matiti yake yalikuwa yamekauka. Kilio cha mtoto yule kilifika hadi jikoni kwetu. Mama alipakua chakula. Mimi nilikula, nikaongeza.

Siku ya nne Bwana Hamisi aliingia uani na jani la isale mkononi. Kuna mtu alimfundisha kwamba kwetu anayeomba radhi kwa isale hakataliwi.

"Shikamoo, mzee. Nimekosa. Nisamehe, mtoto apate maziwa."

Baba alilipokea jani bila kumtazama. "Kumbe ulikuwa unajua. Maziwa utapata, mwizi wa mipaka. Salamu yangu hupati."

Na hakumpa, hadi Bwana Hamisi alipohamishwa. Watoto tulimwimbia "mwizi wa mipaka" kila alipopita, na sauti yangu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Maziwa nilipeleka mimi, kila asubuhi. Alipokea chupa, akanitazama kidogo, akasema, "Asante, mwanangu." Nilirudi mbio, nikijisifu kwamba sijagundulika.

Sasa, mwezi huo uliopita, nilipanda kilichobaki cha mnara, ngazi ya saruji isiyofika hata nusu ya kimo chake cha zamani. Kutoka pale kona ya shamba letu ilionekana wazi kama kiganja. Nikaketi.

Aliniona. Aliniona nikiyang'oa masale, moja baada ya jingine. Angesema, nani angemsadiki mtu wa kuja dhidi ya mtoto wa mwenye shamba? Basi akaungama kosa langu mbele ya baba yangu, mwanawe akanywa, na kila asubuhi akanishukuru mimi.