Gunia la Viatu Yatima

Siku hizi nasikia watu wanasema vita viliua furaha yote ya Bujumbura. Nani kawaambia? Pale sokoni Jabe tulicheka mpaka mbavu zikauma, na mchekeshaji mkuu alikuwa marehemu kaka yangu, mwenye mguu mmoja. Mimi niliuza viatu vya mitumba, vya wanawake na watoto, yeye alikaa kwenye kigoda pembeni akivipiga rangi. Mteja akimuuliza bei, alininyooshea gongo: "Uliza huyu mama mukali. Mi navaa nusu, bei nzima sijue."

Zamani alikuwa dereva. Bomu lililofukiwa kwenye njia ya milimani, juu ya Musaga, lilimkata mguu wa kushoto. Alikuwa amekwenda kupakia ndizi tu, jamani, ndizi za watu kula.

Sasa, ukifungua baloti, lile furushi kubwa la viatu vya mitumba, hukosi vilivyopoteana na wenzao. Tuliviita yatima. Wauzaji wengine walivitupa, kaka akavikusanya soko zima, akavisafisha, akavitia kwenye gunia. Waliokatwa miguu kama yeye walikuja kuchagua bure, na miaka ile hawakuwa wachache.

Asubuhi moja akaja mama wa shirika fulani, mkazi wa Kinindo kwa matajiri, na gari lake safi. Akatueleza kwamba mataifa yanakutana ng'ambo kutia saini mkataba wa kupiga marufuku mabomu yale ya kufukiwa ardhini. Watu wa nchi mbalimbali wanarundika viatu barabarani, kwa ajili ya miguu iliyopotea, ili wakubwa waone haya. Na sisi turundike vyetu mjini.

Sikumung'unya maneno. "Madamu, watu wanatafuta kiatu cha kuvaa, we unataka cha kurundika?"

"Apana, dada," kaka akasema. "Umupe gunia."

"Lote? Na watu wako watavaa nini?"

"Sisi tumekwisha katwa. Mi nawaza wale wenye kuwa bado na miguu mbili."

Nilikasirika, lakini mkubwa ni mkubwa. Gunia likapakiwa.

Jumamosi tukaenda mjini kutazama. Soko zima la Jabe lilikuwa limetoa yatima zake, basi lile rundo kubwa halikuwa na jozi hata moja. Wapita njia walisimama. Kaka alisimama pale na magongo yake kutwa nzima, shati limepigwa pasi, kama baba wa bwana harusi anayepokea wageni. Mkataba ulikuja kutiwa saini, na nchi yetu ikatia. Kama kuna mkubwa aliyeona haya kwa viatu vyetu, mi sijui. Lakini kaka yangu siku ile niliona ana raha, na nampenda mno nikimkumbuka hivyo.

Jumatatu akaja mwalimu mmoja mstaafu wa Musaga. Naye mguu wake wa kushoto ulikwenda vile vile. Kaka alikuwa amemwahidi kiatu cheusi cha kulia, cha kuvaa kwenye harusi ya binti yake, tena alikiweka ndani ya gunia lile lile ili kisipotee. Tulikuwa tumekisahau sote wawili.

Mwalimu hakulalamika. "Si kitu, wanangu," akasema, "nitaenda na kandambili." Akaanza kugeuza magongo.

Nikapekua meza yangu yote. Visigino virefu na viatu vya watoto, basi. Nilipoinua kichwa, kaka alikuwa ameinama, anafungua kamba za kiatu alichovaa mwenyewe. Cheusi, cha kulia. Akakipiga rangi taratibu, bila haraka, kama cha mteja wa kulipa.

"Mwalimu, jaribu hii."

Kilimwenea.

Jioni tukarudi nyumbani, kaka kwenye magongo, mguu wake mmoja mtupu juu ya vumbi la Jabe.

"Sema basi," akaniambia. "Najua umekasirika."

Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nalia, nikamwacha atangulie asinione.