Kochi la Marehemu

Fundi makochi alihama nchi akikaribia miaka hamsini, umri ambao wenzake huhama kitanda tu, tena kwa sababu ya mgongo. Alifunga karakana, akawagawia mafundi wenzake mashine, akabaki na nyundo, mkasi na sindano moja ndefu iliyopinda. Kisha akapanda basi kumfuata nesi aliyekuja kwao likizo akaondoka ameolewa. Dada zake walisema kaka yao amelishwa dawa. Yeye alisema amelishwa, ndiyo, na ameshiba.

Kwa mkewe alipokelewa vizuri: akapewa funguo, taulo mpya na upande wa kitanda ulio ukutani. Majirani wakamwita Bwana Mpya, kana kwamba yule wa zamani alirudishwa dukani. Hilo halikumkera. Kilichomkera kilikuwa sebuleni, mbele ya televisheni: kochi la mtu mmoja, mali ya marehemu mume wa kwanza, dereva wa lori aliyekuwa na mwili wa haja. Hakuna aliyelikalia. Wageni walibanana kwenye sofa, waliokosa nafasi wakakaa chini. Siku ya kwanza Fundi alipotaka kujitupa pale, shemeji yake, mdogo wake nesi, alipiga yowe.

"Hapo hapana, shemeji! Hapo pana mwenyewe."

"Mwenyewe si ameshakufa?"

"Ameshakufa. Lakini ni pake."

Basi Bwana Mpya akawa anatazama mpira akiwa kwenye kiti cha jikoni, shingo upande. Ilimuuma, tuseme ukweli. Ameacha kila kitu, halafu aliyeko kaburini ana pa kukaa, yeye hana. Alitaka kuwa mwenyeji wa nyumba ile, si mpangaji anayelala na mwenye nyumba.

Angekuwa karani angevumilia. Lakini kochi lilikuwa bovu kupita kiasi: springi zimelala, sponji imebonyea shimo la makalio mawili yasiyolingana. Kila akipita, mikono inamwasha. Akajidanganya kwamba akilitengeneza itakuwa zawadi. Mafundi ndivyo walivyo, wakiona kitu kibovu hudhani mwenyewe anasubiri kuokolewa.

Nesi alipokwenda kazini, Fundi akalipindua, akang'oa misumari, akakaza springi, akatoa sponji nje. Mkewe akarudi mapema. Akamkuta mume wa pili amekaa sakafuni, katikati ya matumbo ya mume wa kwanza.

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Lile shimo," alisema, "ndilo lilikuwa yeye."

"Mimi nilidhani ni ubovu."

"Lirudishe lilivyokuwa. Ukishindwa, kituo cha basi unakijua."

Fundi aliogopa. Hakuwa na karakana ya kurudia, na kubwa zaidi, alimpenda yule mwanamke. Hajawahi mtu kutoa jasho namna ile ili kazi iwe mbaya. Alilegeza springi alizokwisha kuzikaza, akarudisha sponji ileile, akashona mshono uliokwenda kombo ukaenda kombo vilevile. Shimo la kushoto akalizamisha zaidi, maana marehemu alikuwa mtu wa kuegemea upande. Kwa bosi wa benki alishawahi kutengeneza seti nzima bila kuhangaika hivyo.

Alipomaliza, nesi akakaa. Akajisogeza, akaegemea, akafumba macho. Fundi alisimama mlangoni na nyundo yake kama askari wa lindo.

"Umelipatia," alisema nesi mwishowe. "Hata panapochoma mgongoni ni palepale."

"Afadhali."

"Lakini si yeye. Nakusikia wewe tu humu." Machozi yakamtoka. "Kila asubuhi nilikuwa naliaga hili kochi. Leo ni kochi tu."

Fundi hakujua aombe radhi kwa marehemu au kwa mjane wake. Akaomba kwa wote wawili.

Nesi alijifuta macho kwa upindo wa sare yake, akainuka.

"Kaa."

"Mimi?"

"Umeshamuua mara ya pili, angalau kaa."

Akakaa. Akazama mpaka magoti yakakaribia kidevu, na springi ikamdunga mgongoni. Hakuthubutu kujitikisa.

"Vipi?" aliuliza mkewe.

"Baya sana, mke wangu."

"Lizoee," alisema nesi, huku akivua viatu vya kazini. "Mimi mbona nakuzoea wewe."