Mgeni Haitwi Msaragambo

Usharika wetu ulipoamua kuwalipia bima watoto wa kijiji ambao hawakuwa nayo, wazee wa kanisa waliniuliza tutawapataje wote bila kumsahau mmoja. Mimi ndiye mwandikishaji wa bima hapa kijijini, kwenye miteremko iliyo juu ya mji wa Same, na jibu nilikuwa nalo. Nilisema tupite nyumba kwa nyumba kama tunavyopita kuitana msaragambo. Kazi hiyo ya pamoja, ya kuzibua mifereji na kutengeneza barabara, haijawahi kuruka nyumba huku kwetu. Kila mtu anajua nani ni wa nyumba ipi. Wazee waliridhika, nami niliridhika kuliko wao, maana napenda kazi yenye utaratibu.

Kuna jambo ambalo kila aliyezaliwa huku analijua, nami sikulitazama. Mgeni haitwi msaragambo. Ni heshima tu. Huwezi kumkaribisha mtu halafu ukamkabidhi jembe. Na mtoto wa binti, hata akilelewa na bibi yake tangu aache kunyonya, huhesabiwa mgeni. Kwao ni kwa baba yake, hata kama baba huyo hajulikani aliko.

Nilifika kwa mama mmoja mjane, nikamkuta anapukuchua maharage uani.

"Shikamoo mama. Watoto wa nyumba hii ni hawa wawili?"

"Marahaba mwanangu. Hao hao. Wa mwanangu wa kiume."

"Na yule pale?"

Msichana wa darasa la pili alikuwa anapanda kutoka bondeni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

"Yule mgeni. Wa binti yangu aliyeko Arusha. Ana kwao yule."

"Mgeni gani anakata majani ya ng'ombe?"

"We nawe! Unataka ukamchimbishe mfereji?"

Tulicheka wote wawili. Niliwaandika wale wa mwanawe, nikaenda nyumba iliyofuata.

Kanuni za bima nimezisoma mwenyewe, tena kwa makini. Zinataja anayeishi kwenye kaya. Ukoo hazikuutaja. Siwezi kusema sikujua. Nilijua vyote viwili, kanuni na mtoto, na nikaona ni adabu kutomhoji mama wa watu.

Mvua za vuli zilipoanza, yule msichana aliteleza kwenye ngazi za shamba akaangukia kiwiko. Zahanati ilimfunga kitambaa ikasema apelekwe hospitali mjini. Bibi yake alikuja kwangu kabla ya kwenda popote.

"Mwanangu, yule mgeni anaweza kuingia sasa kwenye bima?"

Nilimwekea kiti. Nilimweleza kwamba anaweza, ila kadi mpya haianzi kufanya kazi siku ileile. Kuna muda wa kusubiri, na hospitali isingeitambua. Nilieleza vizuri, kwa mifano, mpaka nikahakikisha amenielewa.

"Asante kwa kunifafanulia," alisema, akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka.

Sikumuuliza atafanyaje. Kila kitu nilichomwambia kilikuwa sahihi. Nimekirudia mara nyingi nikitafuta kosa ndani yake, na silioni. Lakini ningeweza kwenda kwa wazee wa kanisa jioni ileile. Ningeweza kutafuta bodaboda. Badala yake nilirudi ndani nikiwa mtu aliyetoa maelezo.

Bibi alimpeleka kwa mtu anayenyoosha mifupa, kijiji cha pili. Mtoto alifungwa vijiti, maumivu yakapungua, mkono ukaunga ukiwa umepinda. Mama yake alipopata ruhusa kazini akapanda kuja, alimpeleka hospitali. Daktari alisema mkono hautanyooka bila upasuaji, na upasuaji huo unafanyika hospitali kubwa.

Waliniita nikamwandikishe mtoto. Nilimkuta mama wa mtoto amesimama mlangoni, hajakaa.

"Kaka, wakati mnaandika watoto, huyu alikuwa wapi?"

Bibi alidakia. "Alikuwepo. Mimi ndiye niliyesema ni mgeni. Kaka yako asingejua."

Alikuwa ananifunika, na ningeweza kukaa kimya chini ya ule mfuniko.

"Nilijua, dada," nilisema. "Nilimwona ana mzigo kichwani. Nilifanya mzaha, nikaenda zangu."

Alimsukuma mtoto taratibu mbele yangu ili nimpige picha ya kadi kwa simu.

"Nicheke au nisicheke?" mtoto aliuliza.

"Vyovyote."

Alikuwa ameficha mkono nyuma ya gauni.

"Sogea nyuma, kaka," mama yake alisema. "Na wewe, utoe huo mkono. Uonekane."

"Mfumo unataka uso tu, dada."

"Sogea."

Nilisogea hadi ukutani, mpaka kiwiko kikaingia kwenye picha. Mtoto alicheka. Nilituma picha, mfumo ukaikataa, kwa sababu uso ulikuwa mdogo. Nikasogea mbele, nikapiga ya uso peke yake, na hiyo ikakubaliwa papo hapo.