Halake, Katibu wa Seli Shina

Halake alirudi Garsen mwezi wa Juni 1999 akiwa na begi moja, bango la kitambaa lililokunjwa, na furushi la vikaratasi mia mbili. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa baada ya wanafunzi kugoma, na hakuna aliyejua kingefunguliwa lini. Nguo alikuwa nazo mbili tu. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyelifungua begi. Ni mtoto wa mjomba wangu, na tangu nikiwa mdogo mizigo yake ya kutoka Nairobi naikagua mimi.

Bango lilikuwa na maandishi ya buluu: SELI SHINA NI TUMAINI.

"Seli shina ni nini?" nikamuuliza kabla hata hajanywa maji.

"We Batula, hata salamu?"

"Nimeshakusalimu. Seli shina ni nini?"

Akacheka, akanieleza. Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli ina kazi yake: ya damu ni ya damu, ya mfupa ni ya mfupa. Lakini zipo nyingine ambazo bado hazijachagua kazi. Mwaka uliopita wanasayansi wa Marekani walifaulu kuzikuza katika maabara. Ikijulikana namna ya kuzilea, huenda siku moja zikafanywa ziwe chochote kilichoharibika mwilini.

"Kama sisi wa kidato cha pili, kabla ya kuchagua masomo."

"Hasa. Ila hizi hazipigi kelele darasani."

Yeye na wenzake kumi walikuwa wameanzisha chama chuoni, yeye akiwa katibu, cha kuhimiza utafiti huo ufanywe hapa kwetu pia. Walikutana kila Alhamisi, wakabishana, wakachapisha vikaratasi, wakaandika barua tano wizarani. Hazikujibiwa. Kufikia mgomo walikuwa wamebaki saba, na mali yote ya chama ilikuwa mhuri, wino, na lile bango. Haya yote aliniambia siku ile ile bila kuficha, ndiyo maana siwezi kukubali watu wanapomwita mwongo.

Sababu yake ya kuanzisha chama ilikuwa imelala nyuma ya nyumba, kivulini. Kakake, Abduba, ndiye aliyemsomesha. Alikuwa akisafirisha ng'ombe kwa lori hadi mnadani Mariakani. Yeye alikuwa akikaa juu kwenye vyuma vya lori, fimbo mkononi, akiwachokoa ng'ombe wanaotaka kulala ili wasikanyagwe na wenzao. Mwaka 1996 lori liliingia shimoni, akaanguka kwa mgongo. Tangu siku hiyo hana habari ya chochote chini ya kiuno, hata ukimmwagia chai ya moto. Mwaka uliofuata zikaja mvua za El Niño. Ng'ombe wa nyumba wakaisha, wengine kwa maji, wengine kwa homa iliyofuata, naye yuko kitandani anasikiliza tu wakilia. Akabakiwa na mtamba mmoja mwekundu, Dima.

Sasa huyu Dima lazima nimweleze. Katika ukoo wetu, mtoto akizaliwa na kitovu chake kikakatwa, babake humtajia ndama jike. Kitovu huzikwa bomani, miguuni mwa ng'ombe, na ndama yule na wote watakaomtoka ni wa mtoto. Hata baba akifilisika hawagusi. Dima alikuwa wa mwisho katika uzao wa ng'ombe aliyetajiwa Abduba siku aliyozaliwa.

Siku ya tatu Abduba aliniita nimsomee kikaratasi. Nikakisoma chote, Halake akiwa kando anamgeuza ubavu, kwa maana lazima ageuzwe kila mara asichubuke.

"Na hizo seli zinatolewa wapi?" Abduba akauliza.

"Sehemu kadhaa, kaka," Halake akasema. "Hata damu iliyo kwenye kitovu cha mtoto mchanga inazo."

"Kitovu?"

"Ndiyo. Lakini—"

"Mama!" Abduba akaita. "Mama, njoo usikie! Dawa iko kwenye kitovu!"

Mama yao, Abdia, alitoka na mikono imejaa unga. Hakuona ajabu hata kidogo. Alisimama akatazama nyumba ya jirani yetu Issack, ambaye mkewe, Kadra, alikuwa na mimba ya mwezi wa tisa. Nikaona wazo limeshafika kwake, na sijui kwa nini mimi nilifurahi.

Issack aliitwa. Akakaa chini, akasikiliza, akakuna ndevu.

"Kitovu cha mtoto si kitu cha kuomba kama chumvi, Abduba."

"Siombi. Wewe una ndama wa kumtajia?"

Issack akageuka kutazama boma lake tupu. Mto ulipofurika ulikuwa umemmalizia ng'ombe wote. Mtoto wake angezaliwa bila hata kwato moja.

"Basi Dima ni wake," Abduba akasema. "Mimi natoa ndama, wewe unatoa kitovu. Mtoto hajadhulumiwa."

"Abduba, huyo ndiye wa mwisho," mama akasema taratibu.

"Mama, mimi nitamfuata Dima malishoni kwa miguu ipi?"

Halake aliinuka. "Kaka, nisikilize. Huu bado ni utafiti."

"Sasa utafiti si unahitaji kitu cha kutafitiwa? Kitu hicho nakupa. Na nikisimama, profesa, teke la kwanza ni lako. Wewe ndiye uliyeondoka na viatu vyangu."

Akacheka. Alicheka mpaka kitanda kikalia, na mama naye akacheka, akajipaka unga machoni. Halake alikuwa bado amefungua mdomo. Nilikuwa namtazama yeye tu. Aliufunga.

Kadra alijifungua wiki iliyofuata, asubuhi, mtoto wa kiume. Issack akamtajia Dima mbele ya watu, akamwongoza mtamba kwa kamba hadi bomani kwake. Kitovu kikatiwa kwenye chupa, chupa ikatiwa ndani ya thamosi. Barafu tulipata kwa Changawa, anayeuza samaki sokoni.

"Barafu hii imelaza kambare," Changawa akatuonya. "Huyo mtu akipona, msishangae akianza kuogelea."

Halake hakucheka. Alipanda basi la Nairobi, lile linalosindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi wa njiani, thamosi mapajani. Nikamuuliza kupitia dirishani, "Maabara yenyewe iko wapi?"

"Batula," akasema, "nenda nyumbani."

Tulingoja siku kumi na moja. Abduba alikuwa akiketishwa asubuhi na jioni, akasema lazima mgongo uzoee. Aliniagiza fimbo yake ya lorini, nikaipaka samli kwa sababu ilikuwa imekauka. Wakati mwingine nilimkuta anavitazama vidole vya miguu yake, ameshika pumzi.

"Kimesogea?"

"Sijaona," nilisema.

"Hukutazama vizuri."

Siku ya kumi na mbili Halake aliingia na thamosi. Aliiweka chini, na kwa mlio wake kila mtu alijua haina kitu. Akaketi ukingoni mwa kitanda akasema yote, kwa sauti ndogo. Mhadhiri wao alikuwa amekitazama kile kitovu, kikiwa kimeshaanza kunuka, akamuuliza nani alimtuma. Akamwambia kwamba hakuna mahali hapa nchini wanapoweza kufanya kitu hicho, na huko Marekani kwenyewe hajatokea mtu aliyevunjika mgongo akasimama kwa seli hizo. Halake alijua hivyo tangu mwanzo. Alijua siku ile alipofunga mdomo.

Abduba akaigusa thamosi kwa ncha ya fimbo.

"Umekiweka wapi?"

"Nilikizika. Nyuma ya bweni, karibu na kamba za nguo."

"Kuna ng'ombe hapo?"

"Hakuna, kaka."

"Na huyu mtoto wa Issack akikua, akauliza kitovu chake kiko bomani kwa nani, tumwambie nini?"

Halake akaiokota thamosi, nami kwa mara ya kwanza sikuwa na swali.

Mama alijaribu. Alikwenda kwa Issack kuuliza kama Dima anaweza kurudi. Issack alilia, lakini alisema kweli: si wake, ni wa mtoto, na mtoto hawezi kuulizwa. Hata sisi tungejibu hivyo.

Chuo kilipofunguliwa Halake hakurudi. Mgongo wa Abduba ulikuwa umeanza vidonda vikubwa, na mama peke yake hawezi kumgeuza. Chama kilimwandikia barua, yenye mhuri, kumwomba arudishe bango. Hakulirudisha. Kitambaa chake ni kigumu na kinafulika, kwa hiyo ndicho anachotandikiwa Abduba, na maandishi ya buluu yamepauka.

Juzi nilimuuliza Halake kwa nini hakusema siku ile.

"Ulimsikia akicheka?" akaniuliza. "Miaka mitatu sikuwa nimeisikia sauti hiyo."

Upande wa pili wa ua, kwa Issack, Dima alikuwa akilia. Abduba akaomba ageuzwe aelekee ukutani. Halake akamshika mabega, mimi nikamshika miguu, tukamgeuza.