Ini la Mbuzi wa Idi

Abdikarim alikuwa ameshika maini mengi kuliko mtu yeyote mjini Kitale. Kwa miaka mingi alichinja alfajiri, akapasua, akaingiza mkono ndani ya ng'ombe na kulitoa ini likifuka mvuke. Alilipapasa kabla mkaguzi wa nyama hajafika. Zuri lilikwenda kwenye ndoano ya bucha. Bovu lilitupwa shimoni.

Kwa hiyo mwaka ule wa 2008, daktari aliyemkata utumbo aliposema, "Uvimbe tumeutoa wote, lakini ugonjwa huu hupenda kuhamia kwenye ini," Abdikarim hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliliona. Aliliona likining'inia.

Tangu hapo hakutundika tena maini karibu na mlango wa bucha.

Dawa za kuzuia saratani isisambae alizifuata Bungoma, akatundikiwa dripu. Siku ya kwanza alifumba macho mbele ya sindano, na mgonjwa wa kiti cha pili, mkulima wa Ndalu aitwaye Wabwile, akamcheka.

"Ati wewe ndiye umemaliza ng'ombe yote ya Kitale?"

"Nyamaza bana. Zisijue niko hapa."

Wabwile alicheka hadi akakohoa. Safari ya tatu kiti chake kilikuwa kitupu. Abdikarim alikitazama mchana kutwa, wala hakuthubutu kuuliza.

Dawa ilianza kumla vidole. Mwanzoni maji baridi ya asubuhi yalimchoma kama miiba, na mpini wa kisu ukamrusha kama umeme. Kisha ganzi ikaingia, ikakaa. Mkewe Mulki akawa anamfungia vifungo vya shati.

"Sista, picha ilisema ini ni safi?" Abdikarim alimwuliza muuguzi, Jerono.

"Ni safi, mzee."

"Sasa hii dawa yote ni ya nini?"

"Ni ya ile hatuoni."

Maneno hayo alirudi nayo Kitale, akalala nayo, akaamka nayo. Hatimaye akayakataa, akamwambia mkewe: "Mama Ladan, Bungoma sirudi. Ini ni safi. Kinachokufa ni vidole."

"Na ugonjwa ukirudi?"

"Nimesema ni safi!" Alisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayefukuza mbwa gizani.

Ikaja Idi ya kuchinja. Nyumbani kwao hakuna aliyetia kitu mdomoni siku hiyo kabla ya kuonja ini la mnyama wa Idi. Abdikarim alitoka msikitini, akamchinja mbuzi aliyenunuliwa Suam, akamtundika na kumpasua. Ini likatoka jeusi, linang'aa, bila doa. Akaligeuza juani huku na huku.

"Unaona, Mama Ladan? Safi kama hilo."

Kwa mazoea tu, vidole vyake vikaanza kulipapasa. Vikapita juu yake, vikarudi. Hakuhisi kitu. Hakuhisi ulaini wala joto. Ni kama alikuwa amevishwa mikono ya mtu mwingine.

"Hebu shika wewe," alisema polepole.

Mulki aliliminya polepole, kisha vidole vikasimama kwenye sehemu nene. "Hapa pana kitu kigumu."

"Hakuna."

"Baba Ladan, si nakigusa! Kama jiwe."

Abdikarim akachukua kisu, akakata. Chini kabisa ya ule weusi unaong'aa kulikuwa na uvimbe mweupe, mkubwa kama harage, na kando yake vivimbe vingine vidogo vidogo.

Ladan, binti yao, alichungulia kutoka jikoni. Harufu ya vitunguu ilikuwa imejaa ua. "Mama, mafuta yamechemka. Mnaleta?"

"Zima jiko," alisema Mulki.

Abdikarim alilifukia lile ini mwenyewe nyuma ya jiko, akachimba kwenda chini sana ili mbwa wasilifikie. Alipomaliza alibaki amechuchumaa, kiganja chake cha ganzi kikiwa chini ya mbavu za kulia, kikitafuta.

Siku yake ya dawa ilipofika, Mulki alimkuta amekwisha kuvaa, vifungo vimepishana. Alivifungua, akavifunga upya.

Kule Bungoma kiti cha Wabwile kilikuwa na mtu mwingine. Abdikarim alikunja mkono wa shati, akamnyoshea Jerono mkono autafute mshipa.

"Leo hufumbi macho, mzee?"

"Hapana. Weka."

Akatazama matone yakishuka, moja baada ya jingine, yakienda kule ambako mkono wa mtu haufiki.